Niliokota bondo chini ya kreti: aliyenijaribu ni Mungu, Shetani au mimi mwenyewe?

Karani wa Mizani (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka. Nimemaliza zamu, dagaa wako kwenye vichanja, nina kama nusu saa kabla usingizi haujanibeba. Naomba nitue mzigo.

Mimi ni karani wa tajiri mmoja kwenye mwalo wa wavuvi upande wa Igombe, Ziwa Victoria. Kazi yangu mizani na daftari: mtumbwi ukigusa mchanga nahesabu, napima, naandika. Wiki mbili zilizopita, mvua ikiwa inamwagika, mitumbwi miwili ya migonzo, yaani kamba ndefu za ndoano, iliingia kwa pamoja. Mmoja ulikuwa na sangara wa kilo 42. Kwa msioijua kanda hii, sangara wa namna hiyo minofu yake ni hela ya kawaida tu, pesa yenyewe iko tumboni. Bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki. Linapimwa kwa gramu kama dhahabu, na kadiri lilivyo kubwa ndivyo kila gramu inavyopanda bei.

Samaki akapasuliwa pale pale. Mvua ikazidi, watu wakaanza kugombania turubai, wavuvi wakakimbilia chai. Katika vurugu ile kila mmoja alidhani mwenzake ameshaliandikisha. Nilipoinua kreti ya mwisho nikalikuta limelala kwenye matope, jeupe, linateleza kama sabuni iliyolowa, bado lina vinyuzi vya damu. Nikaliweka kwenye mizani: gramu 600 na kidogo. Hiyo ni mishahara yangu ya miezi kadhaa. Tajiri yuko Ukerewe. Daftari liko kwapani kwangu. Walioniona ni makorongo wawili waliokuwa wanasubiri matumbo ya samaki.

Nililirudisha. Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, vigelegele vikapigwa. Mchungaji akasema Mungu alikuwa ananipima ili anipandishe. Tukitoka nje mzee wa kanisa akanivuta pembeni: "Kijana, yule alikuwa Shetani, na hajamaliza na wewe." Nikafika nyumbani nikamsimulia mke wangu zile kauli mbili. Akaendelea kuchambua dagaa, akasema, "Si Mungu wala Shetani. Wewe unapenda hela."

Tangu siku hiyo sijatulia. Yakobo 1:13 inasema Mungu hamjaribu mtu. Mwanzo 22:1 inasema Mungu alimjaribu Ibrahimu. Mathayo 4:1 inasema Yesu alipandishwa nyikani na Roho ili ajaribiwe na Ibilisi, yaani mmoja kampeleka, mwingine kamjaribu. Sasa jaribu linatoka wapi hasa? Wenye nondo karibuni. Wa matusi piteni kimya kimya.

Chuma Ulete

Gramu 600 unarudisha? Mkuu, wewe hukujaribiwa, ulilogwa.

Katekista wa Visiwani

Tumsifu Yesu Kristo. Karani, mkanganyiko wako wa kwanza uko kwenye neno. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno moja, peirasmos, linalobeba mizigo miwili: kupima na kushawishi. Sonara anatia dhahabu motoni kuipima. Mwizi usiku anajaribu kitasa cha mlango wako. Wote wawili wanajaribu. Mmoja anataka dhahabu itoke safi, mwingine anataka mlango ufunguke. Ibrahimu alipimwa kwa namna ya sonara. Yakobo anaposema kwamba Mungu hajaribu, anazungumzia namna ya mwizi. Maana anasema hapo hapo kwamba Mungu hawezi kujaribiwa na maovu. Asiye na ubovu ndani hana sababu ya kumtakia mtu ubovu.

Sisi Wakatoliki kwenye Baba Yetu tunasema "usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni". Ndugu zetu wanasema "usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu". Naomba nikae kidogo kwenye hilo neno kuopoa, maana sisi wa visiwani tunalijua kuliko wa bara. Ndoo iliyodondokea kisimani huopolewa. MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, na MV Nyerere mwaka 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, redio zilikuwa zinalitaja neno hilo kutwa kucha. Huopolewi ukiwa umekaa mchangani nguo zimekauka. Kwa hiyo anayesali sala ile ameshakiri kwamba yuko majini.

Mwaka 2017 Papa Fransisko alilalamikia tafsiri ya Kiitaliano ya mstari huo, kwamba inamfanya Mungu aonekane ndiye anayemsukuma mtu aanguke, wakati hiyo ni kazi ya Shetani. Wafaransa walibadilisha sala yao mwaka huo huo, Waitaliano wakaanza kutumia yao mpya kwenye Misa mwaka 2020. Wengine walipinga, wakisema Kigiriki ndivyo kinavyosema, usitupeleke. Kiswahili chetu kimebaki kama kilivyo na mimi sina ugomvi nacho. Mtoto anayemwambia baba yake "usinipitishe njia ya makaburini" hamtuhumu baba kwamba ni mchawi. Anaogopa makaburi, basi.

Sabato Shwari

Katekista amesema vizuri lakini karuka mfupa. 2 Samweli 24:1 inasema hasira ya Bwana iliwaka, akamtia Daudi nia ya kuwahesabu watu. 1 Mambo ya Nyakati 21:1 inasimulia sensa hiyo hiyo na inasema aliyemshawishi ni Shetani. Tukio moja, wahusika wawili. Na Ayubu je? Shetani pale haji kama mfalme, anakuja kama mtu wa kuomba kibali. Anaambiwa mali gusa, mwili usiguse. Mara ya pili anaambiwa mwili gusa, uhai uache. Mbwa ni mkali, ila yuko kwenye mnyororo.

Karani wa Mizani

Asante mkuu, ila hapo ndipo ninapokwama. Mwenye mnyororo akiulegeza nikang'atwa, nimshtaki mbwa?

Sabato Shwari

Mshtaki mbwa, kaka. Ila jua kwamba Ayubu kwa sura nyingi alikuwa anamwita mwenye mbwa mahakamani, na mwisho Mungu akawakaripia wale rafiki za Ayubu waliokuwa wanamtetea Yeye. Jibu la "kwa nini umelegeza" hakupewa.

Mluteri wa Nyakato

Mmezunguka sana na mstari unaofuata mmeuacha. Yakobo 1:14: "Lakini kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa." Hilo "kudanganywa" kwa Kigiriki ni deleazo, kitenzi kilichotokana na neno la chambo. Yaani kunaswa kwa chambo. Na "kuvutwa" ni kuburutwa nje ya mahali ulipokuwa umetulia. Yakobo alikuwa anaongea lugha ya mwaloni, tafsiri ndiyo imetunyima harufu ya samaki.

Mzee wa Migonzo

Hapo sasa mmeingia kwangu. Kusoma nimesoma kidogo ila migonzo nimetega miaka 31.

Chambo cha sangara ni kikambale kilicho hai. Unapitisha ndoano mgongoni, juu juu, usiguse uti, kisife. Kinatakiwa kiendelee kuchezacheza. Kikifa, sangara wengi wanakipita. Ndoano hiyo hiyo ukiichomeka donge la ugali, hakuna sangara atakayejisumbua. Na dagaa je? Dagaa simpi chakula chochote. Nawasha taa. Zamani karabai, siku hizi sola. Usiku wa giza wanajaa chini ya taa mpaka maji yanachemka. Mbalamwezi ikitoka, taa yangu inakuwa kichekesho, tunalala kambini tunashona nyavu.

Maana yake nini? Mimi mvuvi sitengenezi njaa ya samaki. Naisoma. Sangara nampa kinachocheza, dagaa nampa kinachong'aa. Kwa hiyo mke wa karani kasema kweli. Lakini msinisahau na mimi mwenye mtumbwi! Samaki ana njaa, sawa, ila ndoano hakuitega yeye. Wanaosema "ni tamaa zako tu" wanaongea kana kwamba ziwani hakuna wavuvi.

Sasa swali dogo kwa karani. Ulisema tajiri alikuwa Ukerewe. Alikaa siku ngapi? Na siku unamkabidhi hilo bondo, lilikuwa bichi au kavu?

Mama Vichanja

Wanaume mkikaa mnaongea kishawishi kama kesi ya mtu mmoja na Shetani wake. Njooni mwaloni saa kumi na moja alfajiri. Dada ana mtaji wa ndoo mbili, ana watoto watatu, anaambiwa na mwenye dagaa, "Hela yako weka, tutaongea jioni." Hapo tamaa ni ya nani? Akikubali, Jumapili anahubiriwa yeye. Yule wa jioni amekaa benchi la mbele, ametoa mfuko wa saruji.

Mathayo 18 someni. Yesu anasema mambo ya kukosesha hayana budi kuja, lakini ole wake mtu anayeyaleta, na kwamba anayemkosesha mmoja wa wadogo heri afungiwe jiwe la kusagia shingoni azamishwe kilindini. Sisi tunaofunga mawe kwenye nyavu tunajua jiwe linashuka vipi. Kwa hiyo katika ile orodha yenu ya Mungu, Shetani na mimi mwenyewe, ongezeni wa nne: jirani yangu.

Na mwenye Mithali 30 aliomba asipewe umaskini wala utajiri, asije akashiba akamkana Mungu, au akawa maskini akaiba. Hakujidai kwamba njaa haina uhusiano na wizi. Tajiri anayemwachia karani mzigo wa mamilioni na kumlipa hela ya vocha, naye akajisome.

Chuma Ulete

Mama kaupiga mwingi. Saruji imenichoma hadi mimi nisiyesali.

Msomi wa Malimbe

Swali langu ni la ubishi kidogo. Kama kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake, Yesu alijaribiwaje? Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote bila kufanya dhambi. Ama alikuwa na tamaa, ama lilikuwa igizo.

Katekista wa Visiwani

Alikuwa na njaa, mwanangu. Siku 40. Njaa si dhambi, na mkate si dhambi. Angalia Ibilisi anachomletea: mkate, ulinzi wa Mungu, na falme za dunia ambazo kwa haki zilikuwa zake. Hakuna hata kimoja kibaya chenyewe. Ubaya uko kwenye njia ya mkato. Hata mti wa Edeni haukuwa na sumu. Mwanzo 3:6 inasema ulifaa kwa chakula na kupendeza macho. Shetani hajawahi kuumba kitu, kwa hiyo hana chambo chake. Anatumia samaki wa Mungu.

Kanisa lilibishana juu ya hilo swali lako karne nyingi, na Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa mwaka 681 ukatamka kwamba Kristo alikuwa na utashi wa kimungu na utashi wa kibinadamu. Pale Gethsemane aliposema si kama nitakavyo mimi, ule utashi wa kibinadamu ulikuwa unatetemeka kweli kweli. Si igizo. Na mimi naona aliyesimama hadi mwisho ndiye anayejua uzito wa jaribu kuliko sisi tunaodondoka mapema, maana sisi hatujawahi kuubeba wote.

Mluteri wa Nyakato

Hapo katikati yetu kuna ufa wa kale, tusiufiche. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani yetu Waluteri, linasema ule mwelekeo mbaya tunaozaliwa nao ni dhambi kweli. Mtaguso wa Trento mwaka 1546 ukasema tamaa inayobaki baada ya ubatizo imetoka kwenye dhambi na inavuta kwenye dhambi, lakini kwa yule asiyeikubali siyo dhambi. Mimi Mluteri nakuwa mgumu: mkono ukitetemeka mbele ya bondo, tayari kuna ugonjwa. Katekista atasema mtetemeko ni vita, bado hujashindwa.

Ila wote tunakutana kwa Augustino na baadaye Papa Gregori Mkuu, waliochora ngazi tatu: pendekezo linakuja, unalifurahia, unakubali. La kwanza halikuombi ruhusa. La tatu ni lako mia kwa mia. Shida iko katikati, kwenye kulifurahia, maana hapo mtu anaweza kukaa muda mrefu anajidanganya kwamba bado anafikiria.

Chuma Ulete

Mleta uzi yuko wapi? Mzee kamuuliza bichi au kavu, jamaa kaingia mitini tangu asubuhi.

Karani wa Mizani

Nipo. Nilikuwa nasoma, naandika nafuta.

Mzee wa Migonzo, shikamoo. Lilikuwa kavu.

Tajiri alikaa Ukerewe siku nne. Ile asubuhi nilijiambia nalihifadhi tu lisije likapotea. Nikaliweka ndani ya buti la mvua, nikatembea nalo hadi nyumbani nikichechemea kama nina kidonda. Jioni tajiri akapiga simu: "Karani, kazi vipi?" Nikamjibu, "Shwari, bosi." Baadaye nimesoma ule mstari wa 1 Wakorintho 10:13, kwamba pamoja na lile jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Wakuu, mlango wangu uliita kwa mlio wa simu, na nikaufunga kwa maneno mawili.

Usiku nikasema lisioze. Nikakwangua utando wa damu kwa kijiko cha chai, taratibu, nikilisuuza kwenye beseni. Nikalining'iniza kwenye kamba ya nguo chumbani, nikafunga dirisha nzi wasiingie. Siku ya pili nikamuuliza mnunuzi mmoja bei ya gramu, nikamwambia kuna rafiki yangu anataka kujua. Siku ya tatu nilikuwa nimeshahesabu matofali. Na muda wote huo, naapa, ungeniuliza kama nimeiba ningekwambia hapana, sijaamua. Mluteri, hiyo ngazi yako ya kati mimi nililala nayo siku tatu, nikaichomea na ubani isinuke.

Kilichonirudisha sijui nikiite nini. Yule mvuvi mdogo kuliko wote, mtoto wa juzi tu, alinifuata mizani: "Kaka karani, la yule mkubwa liliandikwa ngapi? Mke wangu kajifungua, nataka nijue mgao wangu." Ndipo nikaona kwamba nilikuwa sijamwibia tajiri peke yake. Mgao wa wavuvi unakatwa humo humo. Mama Vichanja, nilikuwa nimetafuta jirani aliyenikosesha, kumbe jirani mwenyewe ni mimi. Au pengine niliogopa tu kwamba wameanza kuuliza. Hadi leo siwezi kutenganisha toba na woga.

Siku ya nne nikampelekea tajiri. Chumba hakikuwa na hewa, kwa hiyo lilikuwa limejikunja, upande mmoja umeshika rangi ya chai na harufu. Akaligonga kwa ukucha, likalia ko ko. Akaniangalia. Hakusema neno, akachukua kalamu akaandika. Mnunuzi akaliweka daraja la chini.

Na ndiyo maana mke wangu alisema vile. Lilikuwa limening'inia juu ya kichwa chake usiku wa mara tatu.

Mama Vichanja

Pole baba. Umesema.

Mzee wa Migonzo

Marahaba. Nilijua tangu uliposema lilikuwa linateleza kama sabuni. Mtu aliyeliokota na kulirudisha hapo hapo hakumbuki hivyo, hakulishika muda wa kutosha.

Wavuvi walilipwa kwa daraja gani?

Karani wa Mizani

La juu, kama bichi. Tofauti inakatwa kwangu, miezi miwili. Yule kijana kapata yake yote.

Mzee wa Migonzo

Vema. Na ule ushuhuda wa kanisani, wa vigelegele?

Karani wa Mizani

Bado, mzee. Jumapili hii zamu ya ushuhuda ni ya kina mama. Mke wangu ameshaandikisha jina.